Mashini Isiyo na Mwenyewe

Watu wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, walimwita Mama Mukamuzi kwa kuwa alikamua mawese, nami sitamwita vingine. Jina lake la ubatizo ninalijua. Lakini siku moja, mbele ya macho yangu, aliombwa aliweke mahali ambapo watu wengi wangelisoma, akakataa, na jina ambalo mwenyewe amelikatalia si haki yangu kuliandika.

Alikuwa mtu wa kinyongo. Ninalisema hilo kwa heshima, kama mtu anavyosema kwamba fulani alikuwa mrefu. Hasira ya wengine ni moto wa majani makavu, unawaka na kuzimika kabla chungu hakijachemka. Yake ilikuwa kisiki cha mti mgumu. Unapita unaona majivu tu, unakanyaga, ndipo unajua.

Nilipoolewa nikashushwa Baraka kutoka milima ya Fizi, nyumba yake ndiyo iliyopakana na yetu upande wa ziwa. Mume wangu, mshona nyavu, alinionya mapema nisimkosee. Akanisimulia habari ya mbuzi. Mbuzi wa jirani mmoja aliingia shambani kwa Mama Mukamuzi akala maharagwe yote. Hakupiga kelele. Hakwenda kwa chifu. Alipanda upya, akavuna, akapanda tena, akamsalimia yule jirani kila asubuhi, mpaka binti wa jirani akaposwa. Wakaja kuomba mawese ya karamu kama ilivyo desturi. Akawapokea vizuri, akawapa viti, akakubali. Siku ya karamu akaleta chungu kikubwa kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. Walipokifunua mbele ya wakwe, wakakuta majani ya maharagwe yaliyochemshwa bila chumvi. Akasema, bila kupandisha sauti, “Mbuzi yenu alisema iko mutamu.”

Na jirani huyohuyo alipougua homa wakati wa mvua, aliyemwogesha na kumlisha uji mpaka akasimama ni Mama Mukamuzi. Nilipomuuliza inakuwaje, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji ni maji. Akasema ugonjwa ni wa Mungu, maharagwe yalikuwa yake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kaa la moto hakukupa. Ukienda kuomba, angekwambia ukawashe la kwako. Kanisani aliimba kwa sauti nzuri kuliko sisi wote, na baada ya ibada hakusimama kuongea na mtu. Alicheka mara chache, lakini akicheka alishika mbavu na kukaa chini. Mikono yake aliificha. Hata kwenye jua kali alikuwa na kitambaa begani, na mgeni akija mikono iliingia chini ya kitambaa.

Mikono ile ilikuwa imeungua. Siku hizo kukamua mawese kulikuwa kuchemsha chikichi, kuzitwanga, na kisha kuzikamua kwa mikono zingali moto, kwa sababu zikipoa mafuta hayatoki. Kila mama wa Baraka alikuwa na makovu. Lakini dada yake mkubwa siku moja aliteleza, chungu kikamwagikia, na vidole vyake viliposhikamana havikuachana tena. Akaishi akilishwa na watoto wake. Mama Mukamuzi alimtazama dada yake akila kwa mkono wa mtoto, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchonga mti.

Alichotengeneza ni hiki. Alichukua pipa dogo la bati akalitoboa matundu pembeni. Ndani yake chikichi zilizotwangwa, juu yake kifuniko cha mti, na juu ya kifuniko mti mrefu wa kukandamizia. Mpaka hapo ni kitu ambacho yeyote angeweza kuwaza. Tabu ya mti wa kukandamizia ni kwamba ukiuachia unarudi juu, kwa hiyo panahitajika watu wenye nguvu wa kuuning'inia. Yeye akasimamisha nguzo mwishoni mwa mti ule, akaichonga meno kama meno ya mamba, yameinama kuelekea chini. Mti ukishuka unaingia kwenye jino na kukaa hapo. Unapumzika, unavuta pumzi, unasukuma tena, unaingia jino la pili. Mama mmoja, peke yake, hata mwenye mimba, aliweza kukamua pipa zima, na kidole chake kisiguse moto. Tuliiita mashini ya meno.

Ya kwanza aliiharibu, ya pili pia. Iliyofaulu aliipeleka kwa shemeji yake huko Ubwari, kwenye ile rasi inayoingia ziwani, kwa sababu dada yake alikuwa akikaa huko. Kisha akajichongea ya kwake Baraka. Mimi niliitumia nikiwa na mimba ya kwanza. Alinikopesha bila kunidai chochote, yeye aliyeninyima kaa la moto.

Sasa nitamsema bwana mmoja. Alikuwa mzungu mwenye duka pale barabarani, mnunuzi wa mawese na pamba. Tulimwita Bwana Polepole, kwa sababu neno hilo lilikuwa mdomoni mwake kila saa. Ukimlalamikia, polepole mama. Ukimhimiza apime mzigo vizuri, polepole. Hakuwa mkali. Hakupiga mtu. Wazungu wakali tuliwajua na tulijua jinsi ya kujikinga nao. Huyu alikuwa na adabu, na adabu hatukuwa na kinga yake.

Aliona kwamba mama mmoja asiye na binti wala mkwe analeta mafuta mengi kuliko nyumba yenye wanawake wengi. Akaja kuona. Akaletewa kigoda, akakaa mbele ya mashini, akasifu. Alirudi mara nyingi. Alileta sukari. Alipima nguzo kwa kamba, akachora kwenye karatasi juu ya goti lake, akiuliza kila jambo: kwa nini meno yameinama, kwa nini mti huu na si ule, jino likiwa kubwa zaidi inakuwaje. Na Mama Mukamuzi, ambaye hakumwamini mtu yeyote kwa maharagwe, alimweleza yote. Nilikuwa upande wa pili wa ua nikiosha vyombo, nilimsikia akicheka. Alikuwa ametoa mikono chini ya kitambaa ili amwonyeshe. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anawaza vipi.

Baadaye sana alikuwa akisema, “Mutu akikusifu huku anaangalia kazi yako, jua haangalie weye.” Lakini hilo alilijua baadaye.

Bwana Polepole alikwenda likizo kwao Ulaya. Aliporudi, meli ilishusha mashini za chuma, zimepakwa rangi ya kijani, na kila moja ina nguzo yenye meno. Kwenye kila nguzo kulikuwa na kibati cha shaba nyeusi chenye jina lake. Wiki hiyo hiyo alikuja polisi. Alikuwa mtoto wa hapahapa, mama yake alikuwa akikamua kwa mashini ya meno. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia, akaeleza kwamba bwana ana brevet, yaani hati ya serikali, kwamba ile mashini ni yake kwa sheria, na yeyote atakayeichonga au kuitumia bila kuinunua kwake ni mwizi.

Sisi neno brevet tulilijua kwa shule. Mtoto akimaliza masomo anapewa brevet. Mama Mukamuzi alisema hakujua kwamba siku hizi hata mashini inasoma.

Polisi na vibarua wa duka wakaivunja mbele yake. Bwana Polepole aliagiza ichomwe, labda ili wengine wasiokote vipande. Mti ulioshiba mafuta hauungui kama kuni za kawaida. Moshi wake mweusi uliingia nyumbani kwangu nikamtoa mtoto nje. Mama Mukamuzi hakulia. Alisimama mpaka nguzo ikaisha. Kisha akamuuliza polisi kama amekula, akampa viazi.

Nikamwambia jioni ile, kwa uchungu, kwamba Mungu atamlipa yule mzungu. Akajibu, “Mungu iko na kazi mingi. Hii mi nitamusaidia.”

Alipanda Fizi kwa miguu. Kule bomani palikuwa na karani, mtu wa kwetu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtoto wa shangazi wa mume wangu. Ndiyo sababu nilikwenda naye. Karani aliogopa. Alitutoa nje ya ofisi, akatupeleka nyuma kwenye bustani ya kahawa, na hapo ndipo alipotufafanulia.

Alisema sheria ya vitu vipya haiulizi nani aliwaza kwanza. Inauliza nani aliandikisha kwanza. Serikali inapotoa brevet haichunguzi kama mtu anasema kweli. Inapokea mchoro, inagonga muhuri, na uwongo ukiwemo ni juu yake mwenyewe. Mama Mukamuzi akauliza kama mtu mweusi, tena mwanamke, angeweza kuandikisha. Karani akafuta miwani yake. Akasema hajaona mtu aliyejaribu, lakini katika maandishi hakuna mahali panapokataza. “Kama ungekuja mbele yake, Mama, hata na muchoro wa makaa, ningekuandikia. Ingekuwa yako.”

Nadhani neno hilo lilimchoma kuliko moto wa nguzo. Kwamba mlango ulikuwepo, na hakuna aliyemwambia kuna mlango. Tangu siku hiyo hakumwacha fundi yeyote alale. Mvuvi mmoja wa Mboko alipobuni mtego mpya wa samaki, Mama Mukamuzi alimfunika mdomo kwa kiganja katikati ya sokoni asimalize kuusimulia, akamkokota hadi Fizi kwa karani. Alikuwa akiwaambia wote: usionyeshe, usisimulie, usichekeshwe, andikisha kwanza, ndipo ujisifu.

Lakini yeye alikuwa amekwisha kuonyesha. Aliuliza kama limebaki la kufanya. Karani akasema liko moja, ila si zuri. Kitu kinachopewa brevet sharti kiwe kipya. Kama mashahidi watathibitisha kwamba kabla ya mchoro wa bwana watu walikuwa wakiitumia mashini ile hadharani, brevet inakufa.

“Ikikufa inarudia mi?”

“Hapana. Haitakuwa ya mutu. Kila mutu atachonga. Weye pia hutakuwa na haki juu yake, mupaka mwisho.”

Aligeukia mibuni ya kahawa. Nilidhani ananung'unika, kumbe alikuwa akiimba polepole wimbo wa kanisa. Kisha akasema, “Andika.”

Mashauri yalichukua misimu. Wanawake wengi tuliotumia mashini ile tulikubali kusema, na wengine waliogopa, kwa sababu hapakuwa na mnunuzi mwingine wa mawese karibu. Bwana Polepole aliposikia kwamba jaji atashuka kutoka Bukavu, alikuja kwa Mama Mukamuzi na adabu yake yote. Nilikuwepo. Hakutisha. Alisema kulikuwa na kutoelewana. Alitoa mfukoni kibati kipya cha shaba, kimekwisha kuchorwa, akamwekea kwenye mkeka. Juu lilikuwa jina la bwana; chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, jina la Mama Mukamuzi la ubatizo. Akasema kama atamwambia jaji kwamba waliitengeneza pamoja, na kina mama wakakaa kimya, kibati hicho kitawekwa kwenye kila mashini, hapa na Bukavu na mpaka Ulaya.

Mama Mukamuzi hakujua kusoma, lakini herufi za jina lake alizijua. Alikishika kibati. Alipitisha kidole chenye kovu juu ya kila herufi, mbele na nyuma, na mimi moyoni nilimwomba akubali. Nasema kweli, nilimwomba akubali. Nani kati yetu aliwahi kuandikwa kwenye shaba?

Akamrudishia. Akasema, “Jina yangu ikae chini ya yako? Bwana, hata makaburi yetu haitakaa karibu.”

Jaji alikaa Fizi. Wakili wa Bwana Polepole alisema vijiti vya wanawake si mashini. Karani alitutafsiria maneno hayo. Mimi nilisimama nikasema nilikamulia mashini ya meno nikiwa na mimba ya mtoto wangu, na mtoto nimemleta, anatembea. Wenzangu wakasema yao. Kisha Mama Mukamuzi akaomba watu wa jaji wavuke kwenda Ubwari. Polisi hawakuwahi kuichoma mashini ya huko, kwa kuwa huko hufiki ila kwa mtumbwi na hakuna aliyejisumbua. Walikwenda, wakaikuta uani kwa shemeji, imeota ukungu, kuku wanalala kwenye meno. Wanakijiji wote wakasema kitu kimoja: ilitumika kukamua mafuta ya karamu siku kanisa lao lilipofunguliwa. Na mwaka wa kanisa ulikuwa umechongwa juu ya mlango, mapema kuliko mchoro wa bwana.

Jaji akaifuta brevet. Akamweleza Mama Mukamuzi, kupitia karani, kwamba sasa mashini haina mwenyewe, na akamuuliza kama ameelewa kwamba na yeye pia hana. Akajibu kwa swali moja tu: na yule bwana, hana? Hana, akasema jaji. “Basi, imetosha.”

Haikutosha. Siku ya soko iliyofuata alisimamisha nguzo mbele ya veranda ya duka la Bwana Polepole, upande wa pili wa barabara, akaanza kufundisha. Kila mwenye shoka alikaribishwa. Alimwonyesha mtu anavyochagua mti, anavyoinamisha jino, anavyotoboa bati, naye akiondoka na nguzo begani alimpitisha makusudi mbele ya mlango wa duka. Soko baada ya soko. Ndani ya duka mashini za kijani zilisimama kwa mistari, zikaanza kushika kutu kwenye viungo. Bwana alikuwa ameziagiza nyingi, na hakuna aliyeingia hata kuuliza.

Mchungaji wetu alimsifu kwenye mahubiri, akasema tazameni upendo wa dada yetu, anagawa bure alichopewa bure. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Aliniinamia akaninong'oneza, “Upendo gani.”

Siku moja Bwana Polepole alitoka akavuka barabara. Alikuwa amekonda. Alisimama kati ya vipande vya mti akamwambia kwa sauti ndogo, “Mama, inatosha sasa.” Mama Mukamuzi hakuacha kuchonga. Alimaliza jino, akapuliza unga wa mti, akamjibu, “Polepole, Bwana.”

Tulicheka, soko zima. Mimi nilicheka mpaka nikalia, na hata leo nikikumbuka uso wake ninasikia raha. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajawahi kuchomewa kitu.

Duka lilifungwa mvua zilizofuata. Akahamia Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Na Mama Mukamuzi, aliyekuwa hana tena mtu wa kusimama mbele ya mlango wake, alichoka ghafla kama watu wanavyochoka baada ya mavuno. Akaondoka Baraka kwenda kukaa Ubwari karibu na dada yake.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, ule mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Mume wangu alikuwa akivusha nyavu, nami nikaomba nafasi kwenye mtumbwi kwa sababu nilikuwa nimebeba zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa habari. Mpagazi aliyetoka Usumbura alituambia kwamba Bwana Polepole amefariki. Nilitaka nimpelekee mwenyewe, kwa mdomo wangu, kama mtu anavyopeleka kuku.

Nilimkuta ameketi uani kwa shemeji, mdogo, macho yana ukungu. Kina mama vijana walikuwa wakikamua. Alipenda kuwa karibu na mashini, akanyoosha mkono kushika mti wa kukandamizia, na binti mmoja akamsogeza kwa heshima: “Bibi, wacha. Hii inataka mutu anayejua. Utaumia.”

Nilifungua mdomo nimweleze yule binti ni nani huyu anayemfukuza. Mama Mukamuzi alinigusa goti nikanyamaza. Hakuonekana kuumia. Alisikiliza mti ukiingia jino hadi jino, akasema vijana wa siku hizi wanachonga meno vizuri kuliko yake.

Tukala. Aliniuliza watoto, aliniuliza nyavu. Mwishoni akauliza habari ya yule bwana, na nilijua alikuwa na swali hilo moyoni tangu nishuke mtumbwini. Nikakaa vizuri ili nimwambie.

Lakini yeye aliendelea kusema. “Kila Siku ya Mungu mi namuombea. Bamama ya kanisa banasema nimesamehe. Mi naomba Mungu amupatie maisha murefu, macho mazuri, na miguu ya kutembea. Kila kijiji atakapita akute mutu anakamua. Asikufe bado. Bado hajaona yote.” Alinigeukia na macho yake yasiyoona sawasawa. “Angali muzima?”

Binti yule alisukuma mti, ukaingia jino lingine.

“Muzima, Mama,” nikasema. “Anatembea vizuri.”